Jumamosi Ambazo Sikucheza

Mama yangu,

Nimeianza barua hii mara nyingi tangu nirudi Uingereza, na kila mara nimekwama kwenye salamu. Nilizoea kukuuliza umeamkaje, umekula nini, mgongo unaendeleaje. Leo sina cha kukuuliza, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja kwenye yale niliyopaswa kukuambia ulipokuwa hai. Naiandika wazi, wengine nao waisome, kwa sababu tuko wengi tuliozoea kuwaambia mama zetu kwenye simu kwamba kila kitu kiko sawa.

Tuliachana kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa ametangulia Uingereza, ameshaoa mke mwingine huko, na makaratasi aliyopata yalikuwa ya kumwita mtu mmoja tu. Ukakubali niende. Ulinifungia nguo zangu kwenye mfuko wa mahindi ya msaada, Furaha mdogo wangu ameshika kitenge chako, anauliza kama nitarudi jioni. Hukulia. Ulisema, "Papa, usome. Ukikuwa mukubwa utatuita." Kama mama wengi wa kwetu Uvira, Kongo, uliniita Papa, yaani baba, jina langu la Baraka ukawaachia walimu. Mimi nikaenda, nikajifunza Kiingereza, nikasahau nyimbo nyingi, ila Kiswahili nilikishika kwa sababu ndicho kilichokuwa njia ya kukufikia wewe. Changu kilibaki cha shule ya kambini, chako kikabaki cha nyumbani, na Kifaransa kidogo ndani yake.

Sikuwaita. Amerika ndiyo iliyowaita, mkapelekwa Louisville, na wakati huo mimi nilikuwa nimeshakuwa beki.

Ulipenda kuwasimulia watu kwamba mwanao alichukuliwa na timu kwa sababu ya kipaji. Kipaji kilikuwa kidogo, Mama. Nilikuwa mrefu, na nilikuwa siogopi kugongwa. Klabu ya mji mmoja mdogo wa kaskazini ilinichukua nikiwa na miaka kumi na sita, ikaniacha nikiwa na kumi na minane. Nikacheza miaka mitatu kwenye ligi za chini ambako mwenzangu wa katikati alikuwa fundi bomba na kipa wetu alikuwa mwalimu wa hesabu. Kisha klabu ya ligi daraja la nne ikanipa mkataba. Siyo ile ligi watu wanayolipia kuitazama kwenye vibanda vya video kambini. Ni ile ya viwanja vya matope, mipira mirefu na viwiko. Lakini jina langu lilikuwa mgongoni mwa jezi, na mimi nililipwa kucheza mpira. Nilikupigia simu Louisville kukuambia. Ukauliza, "Na shule?"

Kiangazi cha mwaka 2013, ligi ilipofungwa, ndipo nilipokuja kukuona. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita. Pale uwanja wa ndege Louisville ulimpita mtu mzima mwenye ndevu ukaenda kumtafuta mwanao nyuma yake. Furaha ndiye aliyekurudisha kwa kukuvuta mkono. Ulinitazama kutoka chini kwenda juu kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kupanga, ukasema, "Sasa kichwa chako nitakishika vipi?" Nikapiga magoti pale pale sakafuni, watu na masanduku yao wakitupita kushoto na kulia, ukanishika kichwa.

Nyumbani ulitaka kuona miguu. Nilivua soksi ukakuta makovu kwenye muundi, mengine mapya. "Nani alikukata hivi?" Nikakuambia ni kazi. Ulikuwa umerudi kutoka hotelini ulikokuwa unafua mashuka, vidole vyako vimekauka kwa sabuni kali, na bado ukawa unanionea huruma mimi. Nilichukua vikombe na vijiko, nikakupangia mezani: hawa wetu, hawa wao, mimi hapa, huyu kikombe cha bluu ndiye ninayemzuia asipite. Ulitazama kwa makini sana.

"Donc weye haufungake goli?"

"Mara chache, Mama. Kwenye kona."

"Na musiposhindwa, banakusifu?"

"Wanamsifu aliyefunga."

Ukafikiri. Halafu ukasema, "Bon. Weye njo ule banataja jina siku ya kushindwa tu." Nimechezeshwa na makocha sita, Mama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuieleza kazi yangu, ya mtu anayetajwa timu ikishindwa tu, vizuri namna hiyo.

Kuanzia hapo simu zetu zikapata siku yake. Mechi zetu zilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri huku, kwenu asubuhi. Nikimaliza kuoga nilikupigia, nawe ukatafuta kona ya kukaa penye mtandao. Maswali yako yalikuwa yale yale. Mulicheza? Balikuumiza? Ule mutu unayemuzuia alikuwa mukubwa? Matokeo uliyauliza mwisho, kama mtu anayeuliza bei kwa adabu. Siku niliyojifunga, nikaupeleka mpira golini kwetu wenyewe kwa kichwa changu, na mashabiki wetu wenyewe wakaniimbia matusi dakika thelathini nzima, nilikuambia kila kitu. Wakati huo nilikuwa bado ninakuambia kila kitu. Ulisema, "Basi kesho habatasahau jina lako," na ukacheka mpaka nikacheka.

Mwaka uliofuata mlihamia Columbus. Kanisa la watu wetu lilikuwa kule, na ulisema Louisville ulikuwa unamaliza wiki nzima bila kuongea na mtu wa umri wako. Nilipokuja nilikuta mnakaa Whitehall, kwenye yale majengo ya vyumba vyenye ngazi za chuma, wewe umeajiriwa kwenye ghala la vifurushi, unasimama saa kumi kwa siku na kifaa cha kusoma namba mkononi. Furaha alikuwa na miaka kumi na saba. Ulimsemesha Kiswahili, akakujibu Kiingereza, na mlielewana kuliko watu wengi ninaowajua.

Nyuma ya majengo kulikuwa na uwanja wa nyasi, na Jumapili baada ya ibada wanaume wa kanisa walicheza pale, wengine na viatu vya kazini. Mkataba wangu ulinikataza kucheza popote nje ya klabu. Ulinijia ukiwa umebeba kiti cha plastiki. "Papa, dakika kumi tu. Sijakuonaka hata siku moja." Nikacheza dakika ishirini. Nilicheza kwa tahadhari mpaka mume wa jirani yenu, bwana mmoja mnene mwenye mbio za ajabu, aliponipita upande wa kushoto. Mwili ukasahau ulipo. Nililala chini nikauondoa mpira, naye akaruka juu akatua mgongoni kwenye nyasi. Ulisimama juu ya kiti ukapiga kelele iliyosikika hadi barabarani: "Papa, umuache! Iko na batoto!" Uwanja mzima ulikaa chini kwa kicheko, pamoja na yule bwana.

Ile ndiyo mara pekee uliyoniona nikicheza, Mama. Dakika ishirini, nyuma ya majengo ya Whitehall, nikiwa nimevaa suruali ya kuazima.

Buffalo mlihamia kwa sababu ya Mama Zawadi. Mlikuwa majirani kambini, mlango kwa mlango, na sasa alikuwa amenunua nyumba kuukuu pale Black Rock, karibu na mto, akawa anawapangisha orofa ya juu. Ulinipigia ukiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwako. Kuna uwanja nyuma, ulisema, mnaweza kupanda lengalenga, ule mchicha wetu. Furaha alipata kazi ya kutunza wazee. Wewe ulipata kiwanda. Nilikuahidi kwamba kiangazi nitakuja kukulimia.

Mwezi wa tatu nikaumia. Mpira ulikuwa wa kawaida kabisa. Mshambuliaji wao aligeuka, nikageuka naye, mguu wangu ukabaki ulipokuwa. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia kitu kikikatika ndani ya goti kama kamba iliyolowa. Nilikuambia Jumamosi ile kwamba nimejipinda kidogo, nitapumzika wiki mbili. Ukweli ni kwamba kano ilikuwa imekatika yote, na nilikupigia nikiwa nimelazwa, nasubiri kupasuliwa.

Mwezi wa tano kocha aliniita ofisini. Nilikuwa na magongo. Alinipa kiti, akanimiminia chai, na nilipoona ile chai nikajua. Mkataba unaisha, alisema, na klabu haitauongeza. Alikuwa mtu mwema. Alinishika bega. Nilitoka pale nikapita kwa mfua jezi, mzee aliyekuwa akinitania kila siku, naye hakunitania.

Sikukuambia. Nilijiambia nitakuambia goti likipona na nikipata timu nyingine. Kiangazi sikuja kulima, nikasema niko kwenye mazoezi. Nilifanya majaribio kwenye klabu mbili ndogo. Ya kwanza niliondoka mwenyewe katikati, ya pili waliniomba niondoke. Nikapata kazi kwenye ghala la mikate, ya kupakia kreti kwenye malori alfajiri. Halafu mwezi wa nane ligi ikaanza, na Jumamosi ya kwanza simu yangu ikalia.

"Mulicheza?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa fupi. Nikasema, "Tulicheza, Mama. Sare, moja kwa moja."

"Balikuumiza?"

"Hapana."

"Na goti?"

"Goti ni zima."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi nilitafuta matokeo ya ile klabu kwenye simu, nikajiweka ndani ya mechi. Nilikuambia ninayemzuia alikuwa na urefu gani, upepo ulikuwaje, kona ipi niliikosea. Nikawa mwongo hodari. Kuna siku nilijipa kadi ya njano ili habari isiwe tamu sana. Siku nyingine nilijipa goli la ushindi, nawe ukapiga kigelegele kwenye simu, kigelegele kirefu kilichoishia kwenye kukohoa. Nilikaa ndani ya gari, kwenye maegesho ya ghala, unga wa mikate kwenye nywele, nikaona aibu. Wiki iliyofuata nikaendelea.

Sasa naona mambo ambayo sikuyaona. Zamani uliuliza tu kama wameniumiza. Mwaka ule ulianza kuliuliza goti lenyewe, na kila wiki. Na uliacha kuuliza kama tumeshinda.

Mwezi wa kumi ulisema kiwanda kimepunguza watu, unapumzika nyumbani. Sauti yako ilikuwa imepungua pia, nikadhani ni mtandao. Ulisema, "Papa, hauwezi kuya hata siku tatu?"

"Ligi, Mama. Katikati ya ligi hawaturuhusu."

Nilisikia Furaha akisema kitu kwa Kiingereza nyuma yako, kwa hasira, nawe ukimnyamazisha. Halafu ukasema, "Bon. Kazi ni kazi."

Ningeweza kuja, Mama. Hilo ndilo ninaloamka nalo. Pasi ya kusafiria ilikuwa kwenye droo. Pale ghalani wangenipa wiki mbili bila swali. Hakuna ligi iliyokuwa imenishika. Kilichonishika ni kwamba mchezaji haondoki mwezi wa kumi, na mimi nilitaka kubaki mchezaji kwako, hata kama kila mtu mwingine duniani alikuwa ameshajua kwamba siyo. Nikakuacha na ugonjwa wako ili nisikuharibie picha yangu.

Januari Furaha alinipigia, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi aliongea nami Kiswahili. "Kaka, njoo sasa. Ni ini. Ni tangu mwezi wa tisa. Mama alikataa tukuambie."

Nilifika Buffalo asubuhi, theluji imefukia magari kando ya barabara. Mama Zawadi alinifungulia mlango akanivua koti. Ulikuwa umelazwa sebuleni, kwenye kitanda walicholeta watu wa hospitali, dirisha limeelekea uwanja ule wa nyuma. Mkono wako ulikuwa mwepesi. Nilikaa nao tangu asubuhi ile hadi saa sita mchana bila kujua kama unajua kwamba nimefika.

Kisha ukafungua macho. Ulinitazama muda. Ulisema polepole, "Papa. Ligi imefungwa?"

Ilikuwa Januari, Mama. Ligi huwa katikati kabisa mwezi huo. Nilikuwa na nafasi ya mwisho, hakuna mtu mwingine chumbani, na mdomo wangu ukasema, "Imefungwa, Mama."

Ukaitikia kwa kope. "Bon. Upumuzike basi."

Hukusema tena jambo lingine kwangu. Siku mbili baadaye, kabla ya chakula cha mchana, ukaondoka, Furaha akiwa upande mmoja na mimi upande wa pili.

Kanisani walijaa. Walikuja hadi wa Columbus, yule bwana mnene akiwemo, wameendesha gari kwenye theluji. Mchungaji aliniita mbele niseme neno la familia, akanitambulisha kama mtoto wa marehemu, beki wa Uingereza. Nilisimama pale mbele ya jeneza lako. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Niliyatafuta nikayakosa, nikasema kitu kimoja nilichokuwa nacho.

"Sichezi tena. Waliniacha mwezi wa tano. Nilimdanganya Mama mpaka mwisho."

Niliona viatu vyangu. Halafu Mama Zawadi, kwenye benchi la mbele, akasema bila kuinuka, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayekuambia chai iko tayari: "Tunajua, papa. Ile goti tuliiombea hapa tangu mwezi wa nane. Kila Jumapili. Mama yako njo alikuwa anaileta."

Wanawake wa kwaya waliitikia kwa vichwa. Wote, Mama. Kila mmoja wao alikuwa amelishika goti langu kwa maombi, na mimi kila Jumamosi nilikuwa nakuambia ni zima.

Nilimkuta Furaha jikoni mwa kanisa, anapanga sahani za wali. Alinieleza bila kuniangalia. Mwezi wa nane, kabla ya Jumamosi ile ya kwanza, ulimwomba akuonyeshe picha ya timu mpya kwenye kompyuta ili uone kama nimekonda. Mlitafuta sura yangu safu kwa safu. Kisha akasoma ile habari ya klabu, ya mwezi wa tano, iliyonishukuru na kunitakia heri, akakutafsiria.

"Kwa hiyo alipokuwa ananiuliza mlicheza…"

"Alikuwa anakupa nafasi," Furaha alisema. "Kila wiki. Akikata simu nilikuwa nakasirika, nasema nitampigia kaka nimwambie. Ananikataza. Anasema, 'Umuache. Ataniambiaka mwenyewe.'"

"Na mwezi wa kumi?"

Aliweka sahani chini. "Mwezi wa kumi alilia, kaka. Hiyo siku peke yake."

Nimejaribu kulikwepa hilo neno lake, sikuweza. Ulijua kwamba hakuna ligi. Uliniomba siku tatu ukijua kwamba siku zote ninazo, na nilipokunyima ukaniambia kazi ni kazi, ili nisione kwamba umeona. Watu wa kanisa wananiambia huo ulikuwa upendo, na nisijilaumu. Najua ulikuwa upendo. Ndiyo maana unauma hivi.

Siku moja kabla ya kuondoka Buffalo, mimi na Furaha tulikuja kaburini kwako. Theluji ilikuwa imefika hadi magotini na alama yako bado ilikuwa kibao cha muda. Furaha aliniambia, "Mwambie sasa." Nikaona haya mbele yake, lakini nilisema. Nilisema kwa sauti, kwenye ule upepo wa mtoni: kwamba nilizicheza mechi sabini na nane, kwamba kano ilikatika bila kuguswa na mtu, kwamba kocha alinipa chai, kwamba ninapakia mikate. Kwamba nilikuwa na siku zote. Nilipomaliza pua zetu zilikuwa zimekufa ganzi. Furaha aliuliza kwa kile Kiswahili chake cha kukosea, "Amesikia?"

Nikamwambia sijui.

Bado sijui, Mama. Ndiyo maana nimeandika.

Pumzika wewe sasa, mama yangu mzuri.

Mimi mwanao wa kwanza,
yule uliyemwita Papa